Banjo la Lazaro

Jumatatu, 4 Juni 1956
Baiskeli tatu tangu asubuhi. Mbili pancha, moja rimu imepinda. Rimu nimeinyoosha kwa goti. Fundi mwingine angetaka moto na nyundo. Baridi kali. Vumbi la barabara limeingia mpaka kwenye chai.

Saa nane lori la kutoka ng'ambo ya mpaka likasimama mbele ya baraza langu. Dereva hakuzima injini. Akasema, "Mjomba, Lazaro amekufa. Kifua. Tumemzika hukohuko migodini, Kitwe, Alhamisi."

Nilikuwa najaza upepo. Nikaendelea kujaza mpaka tyubu ikapasuka.

Mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu Tamari. Aliyeimba kwenye santuri, anayejulikana kutoka Mbeya mpaka migodini.

Nimechoka ghafla.

Jumanne, 5 Juni
Mwenye duka jirani yangu katoa gramafoni nje. Santuri ya Lazaro inazunguka tangu asubuhi. Wanawake wamekaa kwenye ngazi wanalia. Wa ng'ambo nao wamevuka, wanaume kwa wanawake, wananipa pole, wananiita bayama, ndiyo mjomba kwao.

Wote wanataka kusikia kwangu. Nimesimulia. Jinsi nilivyomshika vidole nikamwonyesha nyuzi. Jinsi tulivyopiga wawili ukingoni mwa mto Momba, simba akaja, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kugusa hata mbuzi. Simba ni wa kweli. Nyayo zilikuwepo.

Na banjo, bila shaka. Banjo lake la kwanza, alilolitengeneza hapa kwangu. Miaka yote nimewaambia lipo ndani ya sanduku langu, chini ya suti ya harusi, nimelifunga shuka. Mzungu wa mgodi wa dhahabu kule Saza alitaka kulinunua kwa ng'ombe wawili, nikakataa. Leo nimesema ng'ombe watatu.

Nimesimulia mara sita. Sauti imekwisha. Zamani hadithi ilinishibisha. Leo kila mara ilikuwa kama kupandisha mlima na gunia la kahawa.

Alhamisi, 7 Juni
Nimefika Mlowo, kwa Tamari, kwa lori la mahindi. Msibani kumejaa. Dada yangu yuko kwenye mkeka. Halii. Kakonda kwa siku tatu tu.

Wazee wa ukoo wamekaa. Shida yao ni moja. Mwili hauko. Watu wanatoka mbali kumlilia Lazaro na hakuna mahali pa kumlilia. Mama yake naye hana pa kuweka hata ua. Mzee wa kanisa kasema ataomba dua, ila tusipaite kaburi.

Tamari akasema mbele ya wote, "Kaka yangu analo banjo lake la kwanza. Tutalizika hilo. Jumapili."

Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Lipo."

Neno moja tu. Mimi si mtu wa neno moja.

Ijumaa, 8 Juni
Nimerudi Tunduma. Nitaandika kweli hapa. Mke wangu hajui kusoma, na daftari hili nalilaza chini ya vyuma vya baiskeli. Nilisoma mpaka darasa la nne, na ningefika mbali, mwalimu alikuwa ananiogopa. Lakini hili halihitaji shule.

Banjo halipo.

Lazaro alikuwa na miaka kumi na minne, anakaa kwangu mwaka wa pili. Alilitengeneza kwa kopo la galoni la mafuta ya taa. Shingo ilikuwa mti tu, sikuuliza kautoa wapi. Nyuzi zilikuwa nyaya za breki. Alizichomoa kwenye baiskeli ya karani wa boma, iliyokuwa kwangu kwa matengenezo. Karani akashuka nayo mteremko wa mpakani, akaishia kwenye mtaro. Alirudi na matope mpaka kwenye kofia, akanitukana sokoni. Mimi! Fundi!

Nikalikanyaga kopo kwa kisigino mpaka likalala bapa. Shingo nikaivunja, nikaitia jikoni, tukapikia maharage. Lazaro alisimama mlangoni akatazama. Hakulia. Wiki ile akavuka mpaka.

Baadaye akija kumwona mama yake, lori alilopanda halikusimama Tunduma. Kapiga nyimbo nne kwenye santuri. Nimezisikiliza zote, neno kwa neno. Simo.

Jumamosi, 9 Juni
Nimefunga baraza. Wateja wamegonga, nimenyamaza.

Kopo la galoni, nimelikwangua rangi kwa mchanga. Shingo, mpini wa jembe la zamani. Nyaya za breki nimezichomoa kwenye baiskeli yangu mwenyewe. Kisha nikalitundika juu ya meko, chini nikaweka majani mabichi, likala moshi mchana kutwa. Nikalipaka masizi na mafuta ya nguruwe.

Mke wangu alikuwa anakohoa. "Baba Eliya, unakausha nyama gani isiyonukia?"

Nikamwambia atoke nje.

Jioni likaonekana limezeeka kuliko mimi. Ni kazi nzuri. Fundi wa Ulaya angedanganyika. Nikajaribu kulipiga. Likalia kama bawaba ya choo. Sijawahi kujua kupiga. Nikalifunga shuka.

Jumapili, 10 Juni
Mlowo tena. Watu kama mchanga. Wameacha kuchuma kahawa siku ya jua. Wa ng'ambo wamekuja lori zima.

Kabla ya yote Tamari kaniita jikoni kwake, sisi wawili. Kafungua shuka. Kalipakata banjo kama mtoto. Kapitisha kidole kwenye shingo, juu mpaka chini, mara mbili. Kanusa.

Akasema, "Alipokuja kwako alinichukulia mwiko wangu mkubwa. Nilitafuta wiki nzima. Akaniletea salamu kwamba ndio shingo ya banjo, nisimkasirikie." Akaligeuza. "Huu si mwiko, kaka. Lake liko wapi?"

Maneno yalikuja mengi. Panya. Wezi. Mafuriko. Nikayaona yote yamepanga mstari, na nikachoka kuyatazama. Nikamwambia. Kisigino, maharage, yote. Sikuongeza kitu.

Maji yakachemka yakamwagika juu ya moto, hakuna aliyeyaondoa. Kumbe shingo niliyopikia maharage ilikuwa mwiko wa dada yangu.

Akasema, "Mwanangu aliniambia liliibwa. Uliposema unalo, nikadhani lilipatikana. Kumbe alikufichia." Kisha akalifunga shuka. "Watu wametoka mbali. Hatuwarudishi. Lakini utawaambia wewe. Mimi sina nguvu ya kubeba uongo wako pamoja na msiba wangu."

Shimo lilichimbwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Mjomba ndiye wa kusema. Nikasimama. Nikasema, "Banjo la Lazaro nililivunja mimi, nikalichoma. Kisha akaondoka kwangu. Hili nimelitengeneza jana."

Halafu mtu mmoja nyuma akacheka.

"Mjomba huyo! Leo kaja na mpya!"

Mwingine akadakia, "Na simba je, Mjomba? Naye umemtengeneza jana?"

Wakacheka wote. Wanawake wenye machozi wakacheka, wakafutana machozi kwa vitenge. Wa ng'ambo waliuliza kimesemwa nini, wakatafsiriwa, wakacheka nao. Nikarudia. Nikasema ni kweli, shingo ni mpini wa jembe, nendeni mkaangalie. Ndipo wakacheka zaidi. Mmoja akasema Lazaro huko aliko anacheka pia, heri ya msiba wenye mtu kama Mjomba. Mzee wa kanisa akanishika mkono. Akaninong'oneza kwamba huzuni humfanya mtu ajisingizie, nikae.

Miaka ishirini nasema uongo wananiamini. Kweli moja, nimekuwa kichekesho.

Tamari peke yake hakucheka. Banjo likashushwa, na dua ilipokwisha akatupa udongo wake. Vijana wakaja na majembe. Akawazuia. Akachukua jembe moja akanipa.

"Fukia, kaka."

Nikafukia peke yangu mpaka mwisho. Udongo wa pale ni mzito. Hakuna aliyecheka tena, sijui kwa nini. Tamari alisimama karibu nami muda wote.

Hakuniambia kwaheri. Lakini kanifungia viazi vya njiani.

Alhamisi, 14 Juni
Baiskeli mbili. Pancha moja, mnyororo mmoja. Mgongo unauma bado.

Mwenye duka bado anapiga santuri, sasa kwa sauti ndogo. Sindano imechakaa, inakwaruza.

Msafiri wa kwenda migodini alisimama. Akauliza kama ni kweli mimi ndiye niliyemfundisha Lazaro.

Nikasema, "Alikaa kwangu miaka miwili."

Akasubiri. Nikaendelea kujaza upepo. Mwishowe akaaga.

Baiskeli yangu haina breki. Nyaya mpya ninazo barazani, sijazifunga. Nikifika mteremkoni nashuka, naikokota.