Kambale Wetu Nilimupa Mama Mwingine

Mama wangu mupendwa,

Nakusalimia sana kutoka huku Goma. Mgongo unaendelea namna gani? Na mvua, imewaachia maharagwe ao imebeba yote? Mimi mwili ni muzima. Habari ya moyo usiniulize kwanza, tutafika huko.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Mara tatu nimekupigia, wewe ukasema "Alo, Masika," mimi nikaanza kuuliza habari za mbuzi. Barua hii unaletewa na yule mama muuza vitenge, anapitia Uganda, barabara yetu unajua vile iko na vita. Akusomee kaka Mumbere, si mutu wa inje, na mukae chini kwanza.

Tangu mwaka jana uliniuliza neno moja tu: "Tumulilie Kambale, ao tuendelee kumungojea?" Nami kila mara nilikujibu, ngoja mama, natafuta. Na kweli nilitafuta. Tangu siku ile ndugu yangu aliponipigia simu toka njia ya Rutshuru akisema, "Dada, niko Kalengera na vitunguu vyangu, chemsha maji, nakuja kula," halafu simu ikanyamaza kabisa, nilinunua kaye moja, daftari ya shule. Nikaanza kuandika kila maiti isiyo na mwenyewe: nguo, meno, makovu, pahali ilipookotwa. Kila juma nilikuwa naingia kwenye morge, nyumba ya maiti, naangalia, naandika. Nikawazoea wachimba kaburi, nikamuzoea mulinzi, mpaka akawa ananiita shangazi. Watu wakasikia. Hapa Majengo wakawa wanakuja kwenye mashine yangu ya kushona na picha za watoto wao, mimi nashona, wao wanaeleza. Familia moja ya Murara ilimupata baba yao kupitia kaye hiyo. Walinishukuru sana. Nikavimba kichwa mama, nikajiona mutu mwenye kujua mambo.

Kati ya waliokuja alikuwa mama Kavira, mutu wa kwetu Butembo. Na yeye alipoteza kijana kwenye njia ileile ya Rutshuru, alikuwa anapeleka viazi. Jina lake Kambale. Wewe mwenyewe unajua, kwetu mutoto mwanaume wa pili ni Kambale, ukiita sokoni wanageuka kumi. Mama huyo alikuwa anakuja kila asubuhi, hata Siku ya Mungu. "Masika, bado?" "Bado, mama." Anakaa kwenye kiti, analia, anaenda.

Halafu mulinzi wa morge akanipigia. "Shangazi, kuja. Wameleta mumoja wa njia ya Rutshuru, alikuwa kwenye majani siku nyingi, uso hauko tena. Mufukoni kuna karatasi ya mizigo. Mvua imefuta mengi, lakini inasomeka Kambale, Butembo."

Mama, sikiliza vizuri, hapa ndipo kosa langu liko. Nilijua kwamba angeweza kuwa Kambale wetu. Mimi mwenye kuwaambia watu kila siku, "Angalieni kwanza, musiseme bila kuangalia," nilimujibu palepale: "Huyo ni wa mama Kavira." Sikuuliza hata nguo. Nilitaka awe wa mutu mwingine, basi. Nikamupeleka mama Kavira, mimi nikabaki kwenye mulango, nikamuambia harufu inanishinda. Harufu! Mimi!

Yeye aliingia, akaangalia urefu, akashika mikono ya yule maiti, akatoka akisema, "Ni yeye." Sikumulaumu siku ile na simulaumu leo. Mama aliyechoka kungoja anapokea anachopewa. Tukazika. Akaweka musalaba wa mbao wenye jina la Kambale wake. Akaniletea kuku, akisema nimemupa usingizi. Nami, mama, kuku yule nilimupika na nikamula.

Haukupita muda, kijana akapiga simu toka Kampala. Ni muzima! Alikimbia vita, akapoteza simu, akawa anabeba mizigo huko. Majengo nzima ilisikia vigelegele vya mama yake. Nilienda kumupongeza, nikacheza naye, huku nikimuwaza yule tuliyemuzika.

Siku ya pili akaja na mufuko. "Masika, hizi ni nguo walizonipa pale morge, nilizifua nikaziweka. Si za mwanangu. Mutafute mwenyewe, masikini, na yeye ana mama." Musalaba alikuwa amekwisha kuung'oa, nani ataacha jina la mutoto muzima juu ya kaburi?

Alipoenda nilifungua mufuko. Ni ile suruali ya kahawia ya Kambale wetu, mama. Alipokuja kunitembelea nilimuongezea kitambaa chini, kwa sababu ya miguu yake mirefu, na uzi mweusi uliniishia, nikamalizia na wa buluu. Alinicheka sana: "Fundi gani wewe?" Nimehesabu mishono ile na kidole. Ni mikono yangu, hakuna fundi mwingine aliyeweza kushona vibaya vile.

Nilikimbia makaburini. Siku tulipozika palikuwa kaburi moja jipya, leo kwa vita hii ni safu na safu, mawe meusi matupu. Nimekuta makaburi matatu bila musalaba, yamefuatana. Muchimbaji akasema, "Shangazi, ni mumoja wa hawa watatu. Zaidi ya hapo nitakudanganya." Basi ninapiga magoti mbele ya yote matatu. Na kwako nyumbani sina wa kuleta.

Kaye nimeacha kuandika. Watu wanabisha mulango, siwafungulii. Nitamuambia nani tena "angalia kwanza"?

Mama, musimungoje tena. Mufanye kilio, munyolewe, mumalize. Suruali ninaituma na barua hii, uizike pahali utakapotaka. Ukinikasirikia uko na haki. Ukitaka nisirudi nyumbani, umuambie kaka Mumbere aniandikie, nitakubali.

Unisalimie kaka Mumbere na watoto wake. Unisalimie shangazi wa kule mulimani, na baba mudogo katekista, aniombee kama bado anaweza.

Bibi ya Kambale usimupe salamu zangu kwanza. Umukalishe karibu nawe, umuambie wewe, kwa kinywa chako. Akiuliza kama bwana yake alitupwa kama mutu asiye na watu, umujibu hapana. Alizikwa ndani ya sanduku, kulikuwa na nyimbo, na kulikuwa mama mumoja aliyegaragara chini akiita "Kambale, mwanangu," mpaka sauti ikakauka. Hiyo si uongo. Niliona kwa macho yangu, nilikuwa nimesimama pembeni, macho makavu.

Mutoto wako,
Masika