Gari Yangu Asiiguse Mtu

Jumamosi, 6 Septemba

Imefika! Gari yangu, IST nyeusi, nyeusi tii, ipo uani kwetu Madungu na mimi ndiye mwenye funguo. Nimeshaisogeza mara mbili. Mara ya kwanza niliiweka chini ya mshelisheli, nikakumbuka utomvu. Mara ya pili chini ya kamba ya nguo, mama akaanika kanga zinachuruzika. Sasa iko karibu na kisima, inapumua.

Kila gauni la bi harusi nililolishona tangu niachike limo ndani ya gari hii. Nimekuwa nikiwavisha wenzangu shanga na lesi, wanaolewa, wanaondoka. Mimi nimebaki na cherehani, na sasa na gari. Alhamdulillah.

Mama kaizunguka, kaisomea, kaipulizia. Halafu akauliza: Wakonde nitawajibu nini?

Nilijua tu. Wazee wa Fahmi, yule muuza magodoro wa Konde, walikuja kuniposa mwezi uliopita. Ami Kificho, ndugu wa marehemu baba na walii wangu, kawaambia warudi Ijumaa ya tarehe kumi na tisa wachukue jibu. Mama anasema gari haitaniuliza kama nimekula. Nikamwambia wala haitaniuliza nilikuwa wapi.

Ukweli — Fahmi nampenda. Basi, nimeandika. Lakini na Masika, huyo aliyeniacha, nilimpenda! Masika aligonga ukuta na pikipiki yake, akaja kunigombeza mimi kwa nini nilimpigia simu. Ndoa nzima sikupata kumsikia akisema "nimekosa". Kosa lilikuwa langu, au la ukuta. Sina nguvu ya kuishi tena na mtu wa namna hiyo, hata akija na godoro la inchi kumi.

Sheria ya nyumba kuanzia leo: gari yangu asiiguse mtu.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeiosha. Mwenyewe. Asubuhi mapema, bati likiwa baridi, maana likipata moto sabuni hukaukia juu na kuacha madoa. Nimeangalia video mpaka bando limekata.

Ndoo mbili. Moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye gari. Kwanza maji mengi, vumbi literemke lenyewe. Kisha unaanza juu kwenda chini, mkono mwepesi, mstari ulionyooka — usizungushe kama unayesugua sufuria! Matairi mwisho, na kitambaa chao peke yao. Kitambaa kikianguka chini, talaka tatu. Hakirudi.

Taulo zote nimezifumua pindo na kukata lebo, maana pale ndipo penye uzi mgumu unaokwaruza. Hili halikuwemo kwenye video. Hili ni la fundi cherehani.

Bi Mwanaasha, jirani yetu, kachungulia juu ya ua. Kauliza: nakosha gari au naogesha kichanga? Nikamwambia kichanga hakina boneti. Akasema na chenyewe hakitumii maji yote hayo.

Mama naye akatoka jikoni na kumbi la nazi na majivu kwenye kifuu. "Sufuria zangu mbona zang'aa?" Nimemwomba kwa heshima zangu zote arudi jikoni. Karudi ananung'unika, eti nshakuwa ntu wa shampuu, makumbi siyajui tena.

Lakini inang'aa! Nimejiona kwenye mlango, nimejiona mzuri.

Jumanne, 9 Septemba

Fahmi kapiga simu. Kaniuliza habari za gari kabla ya habari zangu, mjanja huyu. Nikamweleza ndoo mbili. Kanisikiliza mpaka mwisho — au alikuwa anauza godoro huku simu iko begani, sijui. Akasema anayo sponji laini dukani, kipande cha godoro bora, ataniletea niioshee. Nikamwambia asijisumbue.

Akacheka. Kicheko chake kinanifanya nisahau hesabu ya vipimo. Nimekata mkono wa gauni la watu mfupi kuliko mwenzake.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo siandiki.

Naandika! Nimerudi kwa miguu kutoka ofisini pangu pa kushonea, gari niliiacha uani, nikasikia harufu ya karafuu tangu njiani. Msimu huu kila mahali pananuka karafuu, sikujali. Nafungua mlango wa uani — gari yangu sioni. Naona karafuu. Boneti, karafuu. Juu ya paa, karafuu. Zimetandazwa vizuri, zimesawazishwa, na mama anazigeuza kwa kiganja, taratibu, anaimba!

Majamvi ya kuanikia yalirowa kwa mvua ya usiku, na hizi ni karafuu za shamba la Ami huko Mgogoni, mbichi, zimeletwa asubuhi. "Nifanyeje miye?" mama kasema. "Zivunde? Hino bati yako yapata moto kama tanuri. Zitakauka siku moja!" Alikuwa na furaha ya mtu aliyevumbua kitu. Kaniambia sasa kaona faida ya gari.

Nifanyeje mimi? Huyu ni mama. Pepo iko chini ya nyayo zake, na karafuu ziko juu ya boneti yangu. Nimesema "Ahsante mama", nikaingia ndani, nikauma mto.

Magharibi tukazizoa. Chini yake madoa, madogo madogo, kila karafuu imeacha alama yake kama mtu aliyetia sahihi. Mafuta ya karafuu hayana masihara. Yanaondoa maumivu ya jino, yatashindwa na rangi ya gari?

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeosha tena. Shampuu, maji, shampuu. Mengi yametoka. Yamebaki machache kwenye boneti, ukisimama upande wa jua unayaona. Mama anasema nisisimame upande wa jua.

Inanukia lakini. Wateja wangu wawili wameniuliza manukato gani naweka ndani.

Jumatatu, 15 Septemba

Kuna mtu kaigusa.

Mlango wa dereva na nusu ya boneti — mikwaruzo! Myembamba, mingi, ya mviringo, duara juu ya duara. Asubuhi naondoka haikuwepo. Narudi kula, ipo. Na madoa ya karafuu yapo vilevile, yananitazama.

Nikamuuliza mama. Kajibu kabla sijamaliza swali: mbuzi. Mbuzi wa Bi Mwanaasha karuka ua, kajikuna kwenye gari, kaondoka zake.

Nikaenda kwa Bi Mwanaasha, ushungi umekaa upande. Kaniapia mbuzi wake hajafunguliwa tangu alfajiri. Kanipeleka nimwone. Kafungwa kweli, anakula ganda la shelisheli, ananiangalia kwa dharau. Bi Mwanaasha kauliza, "Weye Khairat, mbuzi gani aisugue gari duara duara kama anayepiga pasi?" Nikarudi. Naye akanifuata hadi uani, kamwambia mama ampe haki mbuzi wake. Mama kamwambia haki za wanyama zitaulizwa kwa Mwenyezi Mungu. Wakaanza kugombana wao kwa wao, mimi nikasahauliwa.

Lakini pembeni ya kisima kuna ndoo yangu moja. MOJA. Ina maji machafu, na povu la sabuni ya unga. Mbuzi hatumii sabuni ya unga.

Mama kaitazama ndoo, kanitazama mimi, kasema jikoni kuna kitu kinaungua. Hakikuwepo kitu jikoni. Nilikwenda kutazama.

Jumanne, 16 Septemba

Fundi wa rangi kaja kuiona. Kasema akiipiga polishi itapungua, ila si yote. Kaniuliza nani kaifanya hivi. Nikasema mbuzi. Katikisa kichwa, kasema mbuzi wa siku hizi wana mikono.

Simsemeshi mama, wala siwezi kutomsemesha. Tunazungumza kwa sahani: ananipakulia, namrudishia tupu.

Jumatano, 17 Septemba

Fahmi kaja. Baada ya alasiri, bila taarifa, kanzu imepigwa pasi, na mkononi kipande cha sponji cha manjano. Kapiga hodi, kamwamkia mama, kasimama uani hakai. Mama akawa anamkonyeza kwa jicho moja. Nilidhani limeingia mdudu.

Akasema: "Bi Khairat, mbuzi yule hana kosa. Miye ndiye."

Mama akasema jikoni kuna kitu kinaungua. Hakuna aliyemjibu, akabaki.

Kanieleza yote. Alikuja Jumatatu kuleta ile sponji yake, mimi sipo. Mama kamsimulia habari za karafuu huku anasikitika, naye akaona ndiyo nafasi — aniondolee madoa, nirudi nikute gari mpya. Mama kampa ndoo na sabuni ya kufulia. Akasugua. Sponji ikamponyoka, ikaanguka kwenye mchanga. Akaiokota, akaikung'uta, akaendelea kusugua! Anasema alisikia inakwaruza, akadhani ndiyo madoa yanatoka. Maji yalipokauka akaona. Mama ndiye aliyemwambia anyamaze mpaka Ijumaa ipite: "Ukisema saa hino, atakukataa." Na mbuzi akasingiziwa.

Nikafoka. Ya Rabbi, nilifoka! Mchanga, sponji, sabuni ya unga, ndoo moja, mviringo! Nimemwambia sponji ya godoro ina matundu, kila tundu linashika chembe, kwa hiyo alikuwa anapiga msasa. Nimemwambia gari hii ni macho yangu na mgongo wangu, miaka nimeinama juu ya shanga za watu. Bi Mwanaasha alikuwa kashafika uani, kaleta na kiti.

Kisha nikanyamaza, nikasubiri "lakini". Kila mwanamume niliyemjua ana "lakini" yake. Lakini mama yako kasema. Lakini nilitaka kukusaidia. Lakini gari ilikuwa njiani. Nikasubiri.

Hakuisema. Kasema, "Nimekosa. Nimekuharibia kitu ulichokipata kwa tabu." Halafu kainamisha kichwa, masikio yamemwiva. Halafu, kwa sauti ndogo, "Nionyeshe inavyokoshwa."

Nilitaka kumwambia aende Konde. Nikajikuta najaza ndoo ya pili.

Hajui kitu! Mkono wake wataka kuzunguka wenyewe. Ikabidi awe anajisemea, "mstari, mstari, mstari," kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura. Bi Mwanaasha akawa anamkosoa kutoka kitini. Kitambaa kikamwanguka. Kakitazama, kanitazama, kakiweka pembeni mwenyewe, kachukua kingine. Sikuwa nimemwambia.

Tulipokausha kauliza kwa nini taulo hazina pindo. Nikamweleza. Kaligeuza taulo, kalipitishia kidole ukingoni kote, kasema kazi yangu ngumu. Masika hakupata kuishika hata sindano yangu.

Keshaondoka. Mikwaruzo ipo. Haitatoka yote, fundi kasema, na nikiiona moyo unauma. Huyu mtu ataniharibia vitu vyangu, naliona hilo. Ataharibu kwa moyo safi kabisa. Na nikimkumbuka alivyosimama pale na kanzu imerowa mpaka magotini, nataka kucheka, nataka kulia. Naogopa. Sikuwahi kuogopa hivi nilipomkubali Masika. Ningeogopa ingekuwa bora.

Mama kaniuliza mlangoni: nimemkataa? Nikamwambia asubiri. Kasema Fahmi kamwomba radhi na yeye, kwa kumtia kwenye uongo. "Ntu gani yuno," mama kasema, kama anayelalamika.

Ijumaa, 19 Septemba

Wamekuja baada ya swala. Naandika haraka, nimejifungia chumbani. Wazee wanne kutoka Konde wako ukumbini na Ami Kificho, wanakunywa kahawa, wanasifu haluwa, wanazungumza bei ya karafuu. Fahmi hakuja, haistahiki. Mzee Jaribu, ami yake, wa tano wao, kabaki uani kwanza, anaizunguka gari.

Ami kaja mlangoni. Kasema kwa upole: "Mwanangu, ungekuwa mwari, kimya chako kingenitosha. Lakini weye ushaolewa. Sheria yataka nikusikie kwa kinywa chako. Neno moja tu, niwapelekee."

Neno moja! Mimi, ninayeambiwa na Madungu nzima nipunguze maneno! Juzi nilisema tangu alasiri mpaka magharibi bila kumeza mate, na mbuzi nimemsemesha. Leo nimefungua mdomo, hapana kitu. Nikamwambia Ami anisubiri, natafuta ushungi. Ushungi nimeuvaa.

Mama naye kaja. Nasikia anahema tu, nyuma ya Ami.

Nimejiambia: sema bado. Nimejiambia: waambie polishi kwanza. Nimejiambia maneno mengi ya kijinga.

Dirishani namwona Mzee Jaribu. Kaegemeza bakora yake kwenye boneti, ili afunge kiatu. Bakora ya mkwaju, ncha ya chuma. Inateleza. Inateleza polepole kutoka juu mpaka chini — kwaaaaru — mpaka imeanguka. Sauti imefika mpaka ukumbini, maana mazungumzo yamekatika. Nadhani Konde wameisikia.

Wote wananisubiri nitoke. Ami nyuma ya mlango kakohoa. "Khairat. Umesikia?"

Nimesikia. Wala sijainuka. Nimekaa kitandani, natafuta sauti ya kusema "ndiyo", si ya kumfokea Mzee Jaribu.

Ami anabisha tena.