Kikombe Ambacho Hakikuwahi Kufika Newala

Jumamosi, Julai. Baridi, ukungu asubuhi.

Shajara, nimerudi Masasi jioni hii na kipupwe cha Newala bado nakisikia kwenye mifupa. Nimechoka, ila kichwa kiko wazi.

Kesho alasiri kamati ya shule inakaa kuamua habari ya uwanja. Wasichana, Asia wangu akiwemo, wanaomba siku mbili kwa wiki za kucheza mpira wa magongo. Wakubwa wa timu ya soka wamekataa. Wanasema mchezo huo haujawahi kuwa wa wanawake wa huku. Mwalimu Pius, anayewafundisha wasichana, akaniomba niandike historia fupi ya mashindano ya taifa ya magongo ya wanawake, niisome kikaoni. Kila mtu Masasi anajua kwamba zamani timu ya Newala ilikwenda kwenye mashindano hayo Dar es Salaam, ikarudi na kikombe.

Kila mtu anajua. Sijampata hata mmoja aliyekishika.

Ndiyo maana leo nimekwenda Mnyambe, huko Newala, kumtafuta Mama Hadija, aliyekuwa nahodha wao. Nimemkuta anafagia chini ya mikorosho yake, kanga imefungwa kiunoni. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamweleza kilichonileta. Nilipotaja kikombe, akasimamisha ufagio.

"Kikombe kipi, Mama Asia?"

"Kile mlichorudi nacho, mama. Watu wa stendi ya Masasi walikiona kichwani kwa mwenzenu."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Ile sufuria! Mwenzetu aliinunua Kariakoo, ikakosa nafasi kwenye mzigo. Sisi tulifungwa, mwanangu. Mechi zote!"

Akanieleza. Huku kwao ni mchanga mtupu, mpira hauviringiki, kwa hiyo walijifunza kuunyanyua na kuurusha. Kule walikuta uwanja mgumu kama sakafu. Kila walipounyanyua, mwamuzi alipiga filimbi kwamba wanacheza mchezo wa hatari, na wao hawakujua njia nyingine.

Na ngoma zilizopigwa stendi, je? Hizo zilikuwa za mama zao. Kwao, binti anayekaa mbali na nyumbani siku nyingi alikuwa mwali aliye unyagoni, basi wakashuka Masasi kuwapokea kama mwali anavyopokewa akitoka: ngoma, vigelegele, mafuta kichwani, kanga mpya.

"Mwali akitoka utamuuliza amemfunga nani?" Mama Hadija akaniambia. "Unampokea, basi."

Watu wa stendi wakaona magongo, ngoma na kitu kinachong'aa kichwani. Yaliyobaki wakajijazia wenyewe.

Kisha akaniwekea sharti. "Mkisema kikombe, siji. Wenzangu wengine wapo hai, nitawatazamaje? Mkisema tulifungwa, nakuja mwenyewe na gongo langu."

Njiani nikampigia Mwalimu Pius. Nikamweleza yote, pamoja na sharti la Mama Hadija.

"Dada, tukikiondoa kikombe tunabaki na nini? Wale wa soka watatucheka, na uwanja tutaukosa."

Nilikata simu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani.

Nimekaa mezani tangu nifike, naandika na kufuta. Nakiri, shajara, kwamba kikombe kinanivuta. Ni neno moja tu, na kesho lingefanya kazi yote.

Lakini kuna jambo Mama Hadija alilisema wakati ananisindikiza barabarani, alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Mwaka uliofuata walikwenda tena.

Walikwenda tena! Walimbembeleza mlinzi wa ghala la korosho, ghala likiwa tupu kabla ya msimu, wakafanya mazoezi kwenye sakafu yake ya saruji mpaka wakazoea kuuacha mpira chini. Safari hiyo walifungwa tena, ila mechi moja wakatoka sare. Waliporudi hapakuwa na ngoma, maana mama zao walishazoea. Kwa hiyo hakuna anayekumbuka. Waliendelea kwenda hadi timu za mikoani zilipoacha kualikwa.

Hicho ndicho tunachobaki nacho, Mwalimu.

Nimemtumia ujumbe kwamba historia nitakayosoma inaanza na kufungwa, halafu inakwenda ghalani. Amejibu neno moja: "Sawa." Sijui ni sawa ya kukubali au ya kukata tamaa. Nitasoma hivyo hivyo. Mama Hadija nimeshamjulisha, na ameniahidi kuja na basi la asubuhi.

Wakitunyima uwanja, watakuwa wamemnyima akiwa amekaa mbele yao.

Asia amesoma niliyoandika akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Kwa hiyo mama, tutapewa?"

Nimemwambia sijui. Nimemwambia awapigie wenzake wote, kesho waje kikaoni wamevaa raba za kuchezea.