Nyumba Inamolala Saa

Lindi, 4 Oktoba 1971

Dada Mwahija,

Shikamoo. Natumaini homa imekuacha na mguu hausumbui tena. Mimi mzima, na mume wetu Nassibu mzima. Kafika juzi na habari za korosho tu mdomoni, ghala hili, ghala lile, mpaka chai ikapoa.

Kuna jambo amenituma nikuandikie kwa kuwa mwenyewe hathubutu. Ile saa ya dhahabu aliyoachiwa na Mzungu wa shamba la mkonge alipofunga virago, anataka kuikatia bima. Tangu jirani yetu avunjiwe nyumba, Nassibu hana raha. Wakala wa bima, Bwana Nikodemo, kamweleza kuna bima za namna tatu. Ya kwanza ni ya moto tu: saa ikiungua analipwa, ikiibwa shauri yake. Ya pili ni ya moto na wizi, lakini saa iwe ndani ya nyumba iliyoandikwa kwenye mkataba. Ikitoka mlangoni, bima haiijui. Ya tatu inaifuata saa popote iendapo. Hiyo ya tatu ndiyo inayomfaa msafiri kama yeye, ila aliposikia bei yake alikohoa mpaka akaletewa maji.

Basi kachagua ya pili. Wakala akamuuliza, nyumba yako ni ipi? Mwanamume mzima kaaga akaondoka. Akisema Lindi kakudhulumu wewe, akisema Kivinje kanidhulumu mimi. Aliporudi akaniambia, "Hebu ulizaneni wenyewe."

Kwa maoni yangu iandikwe hapa. Nyumba hii ni ya matofali na bati, na wakala ameiona. Yako ni ya makuti, na makuti na bima hawapatani. Usije ukanuna, dada, nasema kwa faida ya saa.

Mdogo wako,
Kidawa


Kilwa Kivinje, 15 Oktoba 1971

Mdogo wangu Kidawa,

Marahaba. Mguu umepona, ahsante. Kilichoanza kuuma ni moyo, tangu niliposoma barua yako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa la kisomo limenifikisha hapa, kwa hiyo usidhani kuna mtu ameniongezea chumvi.

Faida ya saa! Mimi si mtoto, Kidawa. Anayeuliza saa inalala wapi anauliza mume ni wa wapi. Ikiandikwa Lindi, kila karani atakayefungua mkataba ule atasoma kwamba kwake Nassibu ni Lindi, na huku Kivinje anapita kukagua tu, kama anavyokagua maghala ya ushirika. Mimi niliolewa naye hana hata viatu, adhuhuri anaijua kwa kutazama kivuli. Wewe umemkuta na saa.

Na hayo makuti unayoyabeza, muulize mwenyewe. Akifika hapa analala mpaka jua linakuwa kali. Anasema usingizi wa Lindi si usingizi, ni kufumba macho. Sikutaka kukwambia, umenilazimisha.

Lakini kama bima inataka bati, italiona bati. Leo nimejifunga kanga yangu iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nakuachia uifikirie.

Dada yako,
Mwahija


Lindi, 29 Novemba 1971

Dada Mwahija,

Shikamoo, na Idd mubarak, ingawa nimechelewa. Hujambo na majirani zako? Mimi sijambo mwilini.

Idd hii tena kaswalia Kivinje. Mwaka jana Kivinje, mwaka huu Kivinje. Nikienda arusini wanawake wa hapa wananiuliza, "Bwana yuko safari au yuko kwao?" Kwao! Kana kwamba kwangu ni nyumba ya wageni, anafikia, anakula, anaaga. Wewe una ujana wake wote, una Idd zake, una usingizi wake. Usingizi huo umenichoma, dada, ulijua utanichoma. Hata jina moja kwenye karatasi ya bima nisipate?

Nimenunua kufuli jipya na Bwana Nikodemo amelisifu. Na Nassibu mwenyewe anasema afadhali saa isitembee. Kwenye mkutano wa chama tawini kuna mtu alimwona nayo akamuuliza mbele za watu, hiyo ni saa ya mjamaa au ya bepari? Tangu siku hiyo anavaa mikono mirefu, kwa joto hili.

Wakala anangoja jibu kabla ya mwaka mpya. Mwachie mwenzio kitu kimoja.

Mdogo wako,
Kidawa


Kilwa Kivinje, 10 Januari 1972

Mdogo wangu Kidawa,

Marahaba, na salamu nyingi. Afya ipo, tena tele.

Njoo uione nyumba yangu. Inametameta, wanaotoka Singino wanaiona kabla hawajafika mjini. Nimeuza bangili za mahari yangu nikanunua mabati, na fundi amemaliza wiki iliyopita. Mjomba Abdurahmani amenipa sanduku lake la chuma. Wakala alimtuma mtu wake wa Kilwa, akagonga kuta, akatikisa mlango, akaandika: Kilwa Kivinje, nyumba ya Nassibu bin Salumu. Nilimwambia asome kwa sauti. Akasoma. Nikamwambia arudie.

Nassibu kaileta saa mwenyewe, kaifunga kwenye kitambaa, kaitia sandukuni, ufunguo kanikabidhi mimi. Kila asubuhi naifungulia, naitia ufunguo isisimame, narudisha.

Wewe bado kijana, Mungu atakupa chako. Mkubwa ni mkubwa.

Dada yako,
Mwahija


Kilwa Kivinje, 26 Februari 1972

Kidawa,

Hali zenu? Hapa kwema.

Idd kubwa nilichinja mbuzi. Nikapika pilau, nikamngoja mpaka watu walipoanza kutoka matembezini. Hakuja. Nikasema labda gari. Zamu yangu ikapita, na iliyofuata imepita. Abilahi, dereva wa lori la ushirika, anasema kamwona sokoni Lindi anachagua samaki, ametulia, hana haraka.

Umemfanya nini? Nijibu, na usinipambie. Masika yako mlangoni. Mto Mbwemkuru ukijaa barabara inakatika, atakayekuwa naye siku hiyo ndiye atakayekaa naye mpaka maji yapungue. Naapa siwezi kulala masika yote nikijua yuko kwako.

Mwahija


Lindi, 8 Machi 1972

Dada Mwahija,

Shikamoo. Pole kwa kungoja.

Sikumfanya kitu. Nilimuuliza mwenyewe, mbona huendi Kivinje? Kwanza akasema kazi. Nikamuuliza tena. Akasema nyumba ya Kivinje siku hizi ni tanuri, mchana haikaliki, na mvua ikianguka juu ya bati ni kama watu wanapigana darini. Kasema zamani alikuwa akienda kwako kupumzika. Ameniomba niezeke makuti barazani kwangu. Nimeezeka. Analala pale kila alasiri, dada, mpaka anakoroma.

Nikamwambia, na Mwahija je? Akajibu, "Mwahija hana shida, ana saa yangu. Namwamini kuliko askari." Zamani nadhani alikuwa na wasiwasi na mali yake, sasa hana tena. Umemwondolea.

Kusema kweli nilicheka. Miaka yote hii wivu umenikaa kooni, siku hiyo ulishuka. Wewe umeandikwa kwenye bima, mimi ninaye. Nikificha furaha yangu nitakuwa mnafiki.

Mdogo wako,
Kidawa


Kilwa Kivinje, 20 Machi 1972

Kidawa,

Salamu zako zimefika. Askari. Haya.

Tangu juzi saa iko mkononi mwangu. Nimekwenda nayo sokoni. Nimekwenda nayo kisimani. Kwenye arusi ya Maftaha nimecheza nayo katikati ya uwanja, mkono juu, kila mtu akaiona. Ikitoka mlangoni bima haiijui, wewe ndiye uliyenifundisha. Kesho maji yakitoka nakwenda nayo mwambani kuchokoa pweza, na mkono wenye saa ndio nitakaoutia shimoni.

Mwambie mwenye mali.

Mwahija


Lindi, 29 Machi 1972

Dada,

Naandika haraka, nimpe mtu anayefukuzia lori la pili asubuhi hii.

Nilikosea. Ningeichana barua yako, lakini nilitaka akukasirikie, nikampa aisome. Aliisoma amesimama. Chai hakuinywa. Nikamwambia mvua inanyesha toka jana, madereva wanasema Mbwemkuru unapanda, asubiri. Hakunisikia. Amepanda lori la Abilahi juu ya magunia, bila mwavuli, bila kuniaga. Bila kuniaga, Mwahija! Nimesimama barabarani kama muuza ndizi.

Mto ukifunga nyuma yake, masika yote ni yako. Ulijua. Umenishinda kwa akili, nakiri, na najuta kwamba nilicheka. Nina wivu nawe kuliko siku zote. Mimi hajawahi kunikimbilia hivyo.

Niandikie kama kafika salama. Hilo tu nakuomba.

Mdogo wako,
Kidawa


Kilwa Kivinje, 16 Aprili 1972

Mke mwenzangu Kidawa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa itakaa posta mpaka barabara ifunguke. Kafika salama. Lori lao na lile lililoniletea barua yako ndiyo ya mwisho kuvuka. Yupo, anakula, analalamikia mvua juu ya bati, na saa haivui hata akienda kuoga. Maji yakipungua atakuja nayo huko. Mwambie Bwana Nikodemo afute Kivinje aandike Lindi, mimi sina neno. Mabati nitayaacha, sina bangili nyingine.

Unasema una wivu nami. Ngoja nikueleze alivyofika, kisha uamue.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nilikuwa ukumbini nachambua mchele. Kalowa mpaka shingoni, matope magotini. Jirani zangu walimpa pole, akawapita. Akaja moja kwa moja akanishika mkono, kwa mikono yake miwili. Kidawa, sikumbuki lini aliwahi kuvuka mto uliojaa kwa ajili yangu. Nikaweka ungo chini. Jirani wakageuza nyuso kwa haya, nami nikafurahi kwamba wameona. Nikasema moyoni, wamenisema wee, leo watasema nini? Nikataka hata wewe ungekuwapo uone. Nikamwachia mkono.

Mpaka niliposikia vidole vyake vinatafuta kifungo cha mkanda wa saa.

Aliivua, akaifuta kwa kanga yangu, akaiweka sikioni. Akasema alhamdulillahi. Kisha ndipo akaniuliza hali yangu.

Nikamwambia njema.

Mke mwenzio,
Mwahija