Madoa ya Kororo

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Leo nimekalia stuli ya Ami Machano, chumba cha juu cha studio yake! Mie Sichana, niliyeachwa nikarudi kwa mama na kikapu changu. Ami ananifundisha kusafisha picha. Doa jeupe la vumbi: chovya brashi kwenye wino, ilambe ncha ichongoke, gusa, basi. Doa jeusi: kwangua kwa ncha ya wembe, polepole. Najaribiwa mwezi mmoja. Nikifaulu, stuli yangu. Nikishindwa, nirudi kushona kofia na mama — na mama ana lake, keshamkubalia nusu Muhiddin muuza mkaa. Wallahi akicheka anarusha mate. Simtaki!

Jumanne, 4 Septemba
Nimemtoa bibi harusi chunusi kumi na moja. Ami kasema nina mkono mwepesi! Nimerudi nyumbani midomo myeusi tii kwa kulamba brashi. Mama kapiga ukelele, jirani wote wakajaa mlangoni.

Jumatano, 5 Septemba
Picha ya ndege! Ya Maalim Msabah wa skuli. Kakaa siku tisa Jozani, kaumwa na mbu, mpaka akampata kororo huyu — kanga wa msituni, mwenye shungi. Filamu imeliwa na ukungu, picha yake ndiyo hii moja tu. Anaitaka Jumamosi akaitundike darasani. Ami kaenda harusini Kidichi kupiga picha, harudi mpaka Jumamosi. Kaniachia neno moja: vumbi limezidi, toa madoa.
Masikini ndege, vumbi lilivyomjaa! Kifuani, mgongoni, mbawani, hata mkiani. Nimetia wino toka asubuhi mpaka alasiri. Sasa mweusi, safi, kama kiatu kipya. Na kwa ihsani yangu nimempaka wanja kidogo. Fundi ni mimi!

Alhamisi, 6 Septemba
Yarabi nifiche.
Nilikuwa najisifu kwa mama. Akaweka sindano chini, akauliza: kanga gani huyo asiye na madoa? Nikacheka. Kisha sikucheka tena.
Madoa ndiyo maumbile yake! Na kanga namjua, nshamla kwa mchuzi! Lakini nilivyoshika brashi nikaona vumbi tu. Nimefuta kazi ya Mungu!
Mama kasema Muhiddin ni mtu mwenye subira.

Ijumaa, 7 Septemba
Asubuhi nimepanda basi mpaka Kiembe Samaki, kwa Bi Kazija, shoga wa mama. Shikamoo, marahaba, naomba uniazime kanga. Wa nini? Wa kumtazama. Akanitazama mimi.
Nimemfungia chumba cha juu. Namtazama, nakwangua doa, namtazama, nakwangua. Hatulii, mwanaharamu yule! Kanyea pazia la Ami la kupigia picha, lililochorwa bustani. Kelele zake, wapita njia wakauliza nani anapigwa. Mpaka magharibi nimekwangua madoa mia tatu na kumi na mawili. Vidole vimekufa ganzi.

Jumamosi, 8 Septemba. Saa nne
Naandika nyuma ya pazia lililonyewa. Maalim yuko chini na Ami, nawasikia kupitia ngazini. Maalim kaomba lenzi.
Kasema kororo wake alikuwa na madoa madogo, chembechembe za mtama. Haya makubwa ni ya kanga wa kufugwa! Ami kasema labda ni mwanga. Maalim kauliza: na wanja nao ni mwanga?
Nimekwisha. Mkaa. Mate.
Maalim anacheka! Anacheka mpaka anakohoa! Anauliza nani kakwangua haya moja moja, wembe usitoboe karatasi hata pahala pamoja. Hapo hapo kanga wa Bi Kazija, niliyesahau kumrudisha, kapiga yowe!
"Sichana!"
"Naam, Ami!"
Ami anauliza huko juu kuna nini. Maalim anasema asishuke mtu, anapanda mwenyewe. Nimechungulia: kwapani ana bahasha nene, imetuna, na anamwambia Ami humo mna picha za ndege wengine wanane, wote wana vumbi la kweli.
Yuko ngazi ya tatu. Niketi kwenye stuli, nijitie kazini. Brashi yangu iko wapi? Ilikuwa hapa! Brashi —
Anayo kanga, mdomoni!