Damu ya Baba Mdogo Bujiku

Somanda, Bariadi
3 Juni 2024

Mwangaluka baba,

Habari za Bukundi, mama hajambo? Sisi huku wazima. Simu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa konda wa basi la Meatu.

Majibu ya damu yametoka. Moyo wako hauna shida, hata homoni ya kukuza mwili iko kawaida. Daktari mwenyewe ameshangaa, maana picha ya kichwa chako ilionyesha kile kivimbe kinachotoa homoni hiyo, na vidole vyako vinazidi kunenepa. Mimi nimelia kwa furaha. Ila siku ya kutoa damu mbona hukupita nyumbani kunisalimia?

Mwanao,
Milembe

Bukundi
9 Juni

Milembe mwanangu,

Hatujambo, ng'ombe nao wapo. Nilikwambia mimi mzima.

Sikupita kwako kwa sababu sikuja. Siku ile ilikuwa zamu yetu ya mizani ya pamba, nikamtuma baba yako mdogo Bujiku. Tumetoka tumbo moja, damu ni ile ile, na yeye haogopi sindano. Walipoita jina langu akaitika vizuri tu.

Mama yako ameenda Nassa kumuuguza bibi yako, atakaa mwezi. Tangu aondoke nalala raha mustarehe, hakuna wa kunitikisatikisa.

Baba yako

Somanda
12 Juni

Baba, shikamoo.

Mengine ya salamu yasubiri, nimechoka na wewe. Kumbe tumempima Bujiku, mtu mwembamba anayekimbizana na ng'ombe kutwa. Hata bila sindano ningekwambia moyo wake mzima. Damu yake si damu yako, baba. Ulimi wako nao umenenepa kama vidole vyako, ukilala unaziba koo, unakoroma halafu pumzi inakatika, na moyo ndio unaoteseka. Mama alikuwa akikutikisa ili upumue. Miaka mitatu hajalala usiku mzima, na wewe unamwona msumbufu.

Sasa nani anakutikisa? Mwite Bujiku alale hapo, asikilize. Halafu uje wewe mwenyewe.

Milembe

Somanda
26 Juni

Baba,

Wiki mbili kimya. Konda anasema barua alikupa mkononi. Kama umenuna, nuna, lakini nijibu hata neno moja nijue upo.

Mwanao

Bukundi
28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa nimenuna kweli. Nilimwita Bujiku nikijua atakucheka. Asubuhi nikamkuta amekaa mlangoni analia, mtu mzima yule. Anasema usingizini pumzi ilikatika mpaka akaanza kumwita marehemu baba yetu. Tangu siku hiyo halali, na hataki tena nimwambie damu yetu ni moja.

Jumatatu tunakuja wote wawili. Atanishika wakati wa kuchomwa. Sindano naziogopa tangu utotoni, basi, umeshajua.

Mpigie mama yako Nassa. Mwambie asiharakishe kurudi, kwanza alale.

Baba yako