Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Nimetoa ufunguo, Baba Mwende. Ule wa chumba cha kompyuta pale shuleni. Nimempa mwalimu mkuu mkononi, wazazi wote wakiona. Najua uliniambia nini hospitalini, kwamba ufunguo usitoke mkononi mwangu mpaka programu zilipiwe. Umetoka na hazijalipiwa, na hazitalipiwa.

Sasa nikusalimie. Mimi niko, lakini nimechoka. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba, goti linaniuma, na nyumba imekuwa kubwa tangu uache kukohoa ndani yake.

Huo ufunguo nilikuwa nikiufunga kwenye pindo la leso. Mwalimu mkuu alikuja mara tatu, nikamwambia bado nautafuta. Mungu anisamehe. Ufunguo ulikuwa bado unanuka mshipi wako ulikouning'iniza.

Unakumbuka ule mkutano, wewe ukiwa mwenyekiti wa wazazi. Programu zilikuwa zimeisha muda, na kila mzazi alitakiwa kuchanga tena, mwaka baada ya mwaka. Mwende wetu akasimama akasema kuna programu za bure, zimeandikwa na watu wengi wa kila nchi, na zinafanya kazi ile ile. Ukamwambia mbele ya watu, "Mwanangu, mwenyewe atakuja kuzidai siku moja, na atanikuta mimi." Ukafunga chumba. Mwende akaondoka bila kunywa chai. Hamkuongea tena vizuri mpaka ukaenda.

Mwezi uliopita alikuja. Hakuniuliza ufunguo. Alitoa kompyuta yake kuukuu, akaiweka mezani pale pako pa kula, akaniwashia hizo programu nione. Nikamuuliza, sasa mwenyewe akija? Akasema mwenyewe si mtu mmoja. Unatumia tu, na ukirekebisha mahali, unawapa wengine nao watumie.

Baba Mwende, nilikaa chini. Kwani hiyo si mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana kwa zamu? Matuta yote ya shamba letu, tulimlipa nani? Watu walikuja na majembe yao, na zamu yao ikifika wewe ndiwe ulikuwa wa kwanza, hata na ule mgongo wako. Hukuwa unakataa kitu cha bure. Ulikuwa unaogopa kula jasho la mtu bila kurudisha. Kama mtu angekuambia kinarudishwa kwa kazi, ungefungua siku hiyo hiyo. Na mimi siku ile nilikuwa nimekaa pale pale mkutanoni, benchi la akina mama, kimya. Hiyo ndiyo inanichosha kuliko shamba.

Basi majuzi mkutanoni nikasimama, mimi niliyeishia darasa la sita. Nikawaambia hayo ya mwethya. Mama Kioko, unaujua mdomo wake, akauliza, "Mama Mwende, wewe kompyuta umesomea wapi?"

Nikamjibu, "Mimi nimezaa aliyesoma."

Walicheka mpaka mwalimu mkuu akavua miwani. Hapo ndipo nikafungua pindo.

Ndani tulikuta vumbi na mijusi. Mwende alifanya kazi siku nne. Kompyuta zingine zimekataa kabisa, sikudanganyi, lakini nyingi zimewaka, na ule mchango umefutwa. Huyo Kioko wake aliyekuwa akirudishwa nyumbani kila muhula kwa ajili ya mchango huo, sasa hatoki kwenye kiti. Tena shule mbili za huku Masii zimemwita Mwende akazifanyie vilevile. Sisemi kwa kujigamba, lakini nitajie mtoto mwingine hapa aliyeitwa na shule mbili. Paji lile la uso ni lako. Akili, hiyo tugawane.

Kamati ilitaka kumlipa, akakataa. Wakakaa, wakaona haifai aondoke hivyo. Kwa hivyo wanakuja na majembe, hapa kwetu, kuinua lile tuta la chini lililobomolewa na mvua, hapo karibu na unapolala. Ulimngoja mtu wa kudai, na hawa wanakuja kurudisha. Mwende ameniambia atatangulia aje kwako peke yake, kabla watu hawajafika. Mimi nitakaa jikoni na githeri yangu, niwaache muongee.

Lala sasa, mume wangu, nami nipumzishe hili goti. Nakuahidi zamu ya kila mmoja wao ikifika, jembe lako litakuwepo, hata kama ni mimi nimelibeba. Wewe tungoje tu. Ni Jumamosi hii asubuhi, na wanakuja wote.